Sori si lazima iwe samahani

Jana jioni ndani ya matatu ya Rongai konda alinikanyaga kidole, kile chenye ukucha umekuwa ukiniuma tangu Jumapili, nikaruka, akaniangalia akasema "pole mathe". Pole?! Kiatu ni chako, mguu ni wako, halafu unanipa pole kama umekuja matanga. Nilinyamaza juu nilikuwa naumwa lakini nikasema lazima niandike, hii maneno imenichosha.

Shida inaanzia kwa Kizungu. Sorry ni kivumishi tu, haina mambo mengi: mtu aliye sorry anasikia vibaya moyoni kwa sababu ya jambo fulani. Nani amelifanya hilo jambo, neno lenyewe halisemi. Ukisema uko sorry hujaomba kitu, umeeleza tu vile unasikia ndani, kama vile ungesema una njaa.

Sasa wajuaji huniambia eti sorry imetoka kwa sorrow, yaani huzuni. Zii. Hayo maneno hayakuzaliwa nyumba moja. Kwa Kiingereza cha kale sorry ilikuwa sārig, kutoka kwa sār, maumivu, kidonda, ndiyo leo wanaita sore, kwa hivyo mtu wa sorry hapo mwanzo alikuwa mtu anayeumwa, kama mimi na ukucha wangu. Sorrow nayo ilikuwa sorg, ukoo tofauti kabisa, na Wajerumani hadi leo wako na Sorge yao, maana yake wasiwasi. Ni vile tu haya mawili yalikaa ploti moja miaka mingi, sauti zinakaribiana, maana zinakaribiana, hadi ile a ya sārig ikavutwa ikawa o na sasa kila mtu anadhani ni mtu na ndugu yake. Huyo Mjerumani naye alichukua ndugu wa kweli wa sore akamfanya sehr, yaani "sana". Kutoka kidonda hadi sana, maneno hutembea jamani.

Na usidhani haya ni ya walimu pekee. Mfalme Charles alipokuja hapa Nairobi, kwa dhifa ya Ikulu tarehe 31 Oktoba 2023, alizungumzia mabaya ya ukoloni akataja huzuni kubwa na majuto makubwa, na pale tulikuwa tunatazama mtu akapiga makofi ati ameomba msamaha. Hakuomba. Miaka 10 nyuma, Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, aliongea hivyo hivyo bungeni London kuhusu mateso ya wakati wa Mau Mau, akasema serikali inajuta, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,000, gharama za kesi zikiwa humo, na bado akashikilia kwamba kisheria lawama si yao. Wenye lugha wanajua vizuri mpaka uko wapi.

Sisi tulibahatika, tuna maneno mawili. Pole ni ukoo mmoja na mpole na polepole, unampa mtu kwa sababu ya kilichompata: msiba, homa, safari, hata kazi ya kawaida. Samahani ilitoka kwa Waarabu na imebeba ombi ndani yake, nisamehe. Ndio maana mgeni akijikwaa Tom Mboya Street na watu watano wasiomjua wamwambie sorry, anashangaa, anawaambia si kosa lenu. Kwani nani amesema ni kosa lao? Wanampa pole kwa Kizungu, na kusema kweli wako karibu na ile sārig ya zamani kuliko yeye.

Ukichanganyikiwa sikiliza jibu. Pole hujibiwa asante. Samahani hujibiwa usijali, ama bila samahani. Sasa konda akinikanyaga anipe pole nitamjibu aje, asante kwa kunikanyaga?

Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, hata chenji alinirudishia yote bila kuulizwa, kwa hivyo sina kinyongo. Ila siku ingine ukinikanyaga sema samahani mathe, hiyo pole wachia yule mama tuliyekaa naye kiti kimoja, yeye alinipa na nikamwambia asante.