Spana 15 haikwambii kitu

"Fundi, kwani nati si nati tu?"

Nimeulizwa tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti. Mwenyewe kapata baiskeli nzuri ya mtumba, gia 21, kaamua azitoe zote abaki na moja. Siupingi uamuzi wake. Kwa tambarare za Dar, nyaya za gia zinaliwa na chumvi ya bahari kabla mtu hajajua zilikuwa za nini, na wengi wanaopanda baiskeli za gia hawajawahi kutoka kwenye gia ya katikati. Kilichomponza ni orodha aliyokwenda nayo Kariakoo: ekseli (mhimili) ya nyuma, nati mbili za spana 15, friwili (gia ya nyuma inayozunguka yenyewe usipokanyaga), cheni. Akarudi navyo, akavifunga. Friwili ilimkatalia, ila nati na ekseli ziliingia bila shida, na baada ya muda gurudumu la nyuma likaanza kucheza.

Hilo la kuingia bila shida ndilo linalonichosha. Spea isiyoingia haina madhara, unairudisha dukani mnagombana kidogo yanaisha. Inayoingia na si yake ndiyo itakayokuangusha.

Nianze na friwili niimalize haraka. Baiskeli za mtumba za gia zina habu, yaani kitovu cha gurudumu, za aina mbili. Kuna habu ya kufungia friwili kwa nyuzi (meno kama ya skrubu), na kuna ya kaseti, ambayo ngoma yake ina mifereji na gia zinachomekwa kisha zinabanwa na nati ya mwisho. Friwili ya gia moja ya mjini, ile ya Phoenix, baiskeli ya Kichina, na ndugu zake, ina nyuzi za kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi. Inaingia kwenye habu ya nyuzi, basi. Kwenye kaseti haiingii na haitaingia hata ukimpelekea mchonga vyuma wa Gerezani akuundie kitu cha katikati. Kwenye kaseti unachomeka gia moja na spesa (pete za kujazia nafasi), nitafika huko. Jinsi ya kujua unayo ipi: toa gurudumu, zungusha gia kinyume, tazama. Ikizunguka hadi kile kipande cha katikati unakoingiza kifungulio, ni kaseti. Kipande cha katikati kikibaki kimetulia na habu, ni friwili. Tuendelee.

Sasa ekseli.

Ekseli ya nyuma ya habu nyingi za kisasa za gia, hata ile yenye tundu la kupitishia mkono wa kufungulia haraka, ni ya milimita 10, na kila jino la nyuzi liko milimita 1 kutoka kwa mwenzake. Ekseli ya nyuma ya Phoenix, ya baiskeli za Kihindi, na ya zile za Kijapani za kapu mbele ambazo makontena yanatushushia, ni ya inchi 3/8, nyuzi 26 kwa inchi. Piga hesabu. Inchi 3/8 ni milimita 9.525. Nyuzi 26 kwa inchi maana yake jino moja kila milimita 0.977. Kwa unene zinatofautiana karibu nusu milimita, kwa nafasi ya meno zinatofautiana kitu ambacho vidole havikisikii kabisa. Na nati za zote mbili mara nyingi ni spana 15! Kwa hiyo ukimwambia muuza spea "nipe nati ya spana 15" hujamwambia lolote. Umemtajia umbo la nje la nati, na kazi yote iko ndani.

Kinachotokea ni hiki. Nati ya milimita 10 ukiiweka kwenye ekseli ya 3/8 inateleza vizuri mno. Inazunguka kwa kidole hadi mwisho, na mtu anafurahi: "Umeona, imeingia laini." Imeingia laini kwa sababu meno yanashikana kwa ncha tu, kama nusu ya kina chake. Unakaza kwa spana, inakubali, unakaza tena, inakubali tena, halafu inalegea ghafla mkononi. Meno yamekwenda. Kinyume chake, nati ya 3/8 kwenye ekseli ya milimita 10, inagoma. Hapo fundi wa chini ya mwembe anapaka grisi, anashika spana ndefu, anailazimisha. Inaingia. Imejikatia njia yake yenyewe, na siku utakapotaka kuitoa utatoa na ekseli.

Lakini nati ni nafuu, unaiona ikilegea. Balaa hasa ni koni, zile nati za pembe zinazobana gololi ndani ya habu. Huyu mteja wangu alinunua ekseli nzima isiyo na tundu, ya 3/8, kwa sababu alitaka ekseli ya kufunga kwa nati kama ya Phoenix. Akachukua koni za habu yake ya zamani, za milimita 10, akazifunga juu ya hiyo ekseli. Koni inayopwaya haikai wima. Inainama kidogo upande, gololi zinasukumwa zote upande mmoja, kikombe cha habu kinachimbika, na habu hiyo huwezi tena kuirekebisha kwa kubadili gololi. Gurudumu zuri la alumini limekufa kwa ajili ya ekseli ya bei ya soda.

Vipimo viwili, hakuna kinachohitaji mashine. Cha kwanza ni venia, rula ya kubana ya kupimia unene. Kupima ekseli juu ya nyuzi utapata kama 9.4 au 9.5 kwa ya inchi, 9.8 au 9.9 kwa ya milimita. Huna venia? Chukua ekseli unayoijua, ilaze ubavu kwa ubavu na usiyoijua, meno yaingiane, kisha ziinue kwenye mwanga. Zikiwa za aina moja hutaona mwanga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zikiwa tofauti, mwanzoni zinaingiana, ukifika sentimita 2 hivi meno yameanza kupandana na mwanga unapita. Ndiyo maana kipande kifupi hakitoshi, na ndiyo maana nati, ambayo ni fupi kama ukucha wa kidole gumba, haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Na tafadhali usiende duka la vifaa vya ujenzi kuomba "nati ya namba kumi". Utapewa ama nati ya kufungwa kwa spana 10, ambayo tundu lake ni milimita 6, ama nati ya milimita 10 yenye meno mapana ya 1.5. Ya pili angalau inakataa kuingia, mungu ibariki.

Nakiri kuna baiskeli zinatembea miaka na nati zisizo zake. Zimo hapa mtaani na wenyewe wananicheka. Nadhani zimedumu kwa sababu hazijafunguliwa tangu zifungwe, na kwa sababu uzito wa mwili unashuka kwenye ekseli yenyewe, si kwenye nati. Lakini ukiishi na gia moja unafungua gurudumu la nyuma mara kwa mara kuvuta cheni, kwa hiyo kinga hiyo huna.

Boliti za gia ya mbele nazo. Krenki (mikono ya pedeli) ya gia tatu au mbili imefungwa kwa boliti tano au nne fupi, kila moja na nati yake ya bomba, yenye shingo inayopita ndani ya matundu ya gia. Ukitoa gia moja ukabakiza nyingine, ile nati ya bomba inakuwa ndefu kuliko vyuma vilivyobaki. Unakaza, boliti inagota kwenye nati, gia bado inacheza, na wewe unadhani umekaza. Siku mbili tatu utaanza kusikia "kak, kak" kila unapokanyaga pedeli, utabadilisha pedeli, utabadilisha gololi za kati, bure. Boliti fupi za gia moja hapa mjini sijui nani anaziagiza, mimi sizioni dukani. Njia ninazotumia ni mbili: washa (kipete bapa) nyembamba chini ya kichwa cha boliti, zote zilingane unene, au kuipunguza nati ya bomba kwa tupa, kama milimita 2, taratibu na kwa usawa. Ya tupa siipendi sana, maana sehemu inayobaki ya nyuzi ni kidogo na ukiteleza umebaki bila kitu. Naifanya hata hivyo.

Spesa za kaseti usinunue. Kaseti nzee iliyochakaa imejaa spesa za plastiki katikati ya gia zake. Nyingi zimeshikiliwa na pini tatu ndefu, saga vichwa vya pini, kitu chote kinaachana mikononi mwako. Mafundi wote wa mtaani wanazitupa, waombe tu. Wapo wanaokata bomba la plastiki la maji. Linafaa? Linafaa hadi unapokaza nati ya mwisho kwa nguvu inayotakiwa, hapo plastiki laini inabonyea na baada ya wiki kadhaa gia inacheza. Wenzangu wanaapa kwamba bomba zito halina shida hiyo. Bado nabishana nao.

Faida ya spesa ni kwamba unaweza kuisogeza gia ndani au nje hadi cheni ikae mstari mmoja na gia ya mbele. Weka rula ndefu ubavuni mwa gia ya mbele, ielekeze nyuma, uone inaangukia wapi. Cheni ikienda mshazari itaruka, na kwenye gia moja hakuna kitu cha kuirudisha. Kwenye habu ya friwili huna uhuru huo: inabidi uhamishe washa za ekseli toka upande mmoja kwenda mwingine, kisha ukaze spoku za upande mmoja ulegeze za pili ili rimu irudi katikati. Kazi ya mtu mwenye subira, au ya mtu wa kulipwa.

Kuhusu mvutano wa cheni, angalia mdomo wa fremu unapokaa ekseli. Ukiwa wa mlalo, unavuta gurudumu nyuma, umemaliza. Ukiwa wa kushuka chini, kama fremu nyingi za mtumba za milimani, gurudumu halisogei. Usitupe kile kibadilisha gia cha nyuma! Kiache palepale, kata waya, tumia skrubu zake za mpaka kukisimamisha chini ya gia yako, kinavuta cheni bure. Watu wanasema hakipendezi. Sawa. Wengine wanabahatisha hesabu ya meno: ukiongeza jino moja, mbele au nyuma, ni sawa na kuhamisha ekseli kama milimita 3, kwa hiyo kwa kubadilisha gia unaweza kuangukia mahali ambapo cheni inakaza yenyewe. Inapendeza siku ya kwanza. Cheni ikilika kidogo tu, imeshalegea, na unarudi kwangu.

Mwisho cheni. Ya gia nyingi ni nyembamba, inchi 3/32, ya Phoenix ni nene, inchi 1/8. Cheni nene juu ya gia nyembamba inakwenda, ina kelele kidogo. Cheni nyembamba juu ya friwili nene inakaa juu ya meno, haishuki. Ukinunua friwili ya Phoenix nunua na cheni nene, na ile pingili ya klipu inayoiunga iwe ya cheni hiyohiyo, usichukue ya kwenye kopo la fundi. Klipu yenyewe, upande uliofunga unatazama mbele kule cheni inakoelekea ikiwa juu, upande wenye mdomo unabaki nyuma.