Perth na mashamba yake: kwa nini jiji halina mbunge wa peke yake

Perth, jiji lililo kando ya mto Tay huko Uskoti, limebeba historia nzito kuliko ukubwa wake. Wafalme wa Uskoti walitawazwa Scone, jirani kabisa. Mfalme James I aliuawa humu humu Perth mwaka 1437, na mwaka 1559 mahubiri ya John Knox, mhubiri wa Kiprotestanti, katika kanisa la St John yaliwasha moto wa Matengenezo ya Kanisa, yaani kujitenga na Kanisa Katoliki.

Lakini bungeni London historia haihesabiwi, wanahesabiwa watu. Perth ina wakazi wapatao 47,000, pamoja na watoto. Sheria iliyoongoza mipaka ya uchaguzi wa 2024 ilitaka kila jimbo, isipokuwa machache ya visiwani, liwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062. Hivyo jiji huunganishwa na vijiji. Tangu 2005 lilikuwa jimbo moja na Pitlochry pamoja na Blairgowrie, nchi ya mashamba ya rasiberi. Mwaka 2024 sehemu hizo zilipelekwa jimbo jingine, Perth ikaungana na Kinross upande wa kusini. Mtu alibadilishiwa jimbo bila kuhamisha hata godoro.

Mwaka 2017 Pete Wishart wa SNP, chama kinachodai uhuru wa Uskoti, alipata kura 21,804 katika jimbo hilo la zamani. Ian Duncan wa chama cha Conservative alipata 21,783. Tofauti ni kura 21, watu ambao Coaster moja ingewabeba wote. Na kwa kuwa anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, hata kwa moja, hakuna duru ya pili.

Nasisitiza kwamba kura chache zinaweza kuamua kwa sababu Waswahili wengi wanaoishi Uskoti hudhani kura ni ya wenye pasi ya Uingereza tu. Sivyo. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kumchagua mbunge wa jimbo lake katika Bunge la London, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mkongomani na Mrundi hawamo katika kura hiyo, ila tangu 2020 wenye kibali wanaweza kupiga kura ya Bunge la Uskoti, lile la Edinburgh, kuanzia miaka 16.

Sharti ni kujiandikisha kwa anwani unayoishi sasa, na ukihama, kujiandikisha upya. Kituoni, kwa uchaguzi wa Bunge la London, beba kitambulisho chenye picha. Pasi ya kusafiria ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa.