Ndoto, kipaji na saa za ofisini: yanayosemwa na yalivyo

"Kazi nzuri huja yenyewe usingizini."
Kinachokuja ni kipande. Paul McCartney, mwanamuziki wa Beatles, aliamka na tuni ya "Yesterday" kichwani, bila maneno. Kwa muda mrefu aliiimbia mistari ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga, hadi wimbo ulipotoka mwaka 1965.

"Ndoto yenye maana utaikumbuka tu."
Thubutu! Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndoto zilizo wazi hukolea kwenye mizunguko ya mwisho, kuelekea alfajiri. Anayeshtuliwa na alamu, akaichukua simu na kusoma meseji, keshaipoteza. Weka daftari na penseli kando ya mto (kalamu ya wino hugoma ukiandika umelala chali). Ukiamka, usigeuke wala usifumbue macho. Shika picha ya mwisho, kisha rudi nyuma taratibu. Andika kwanza vitu, watu na rangi, halafu maneno yaliyosemwa. Kosa la wengi ni kuanza kufasiri papo hapo: ukishaandika "maana yake ni...", akili huziba mapengo kwa mambo iliyoyazoea, na lile la ajabu ulilolitaka linatoweka. Yapitie baada ya wiki. Mengi yatakuwa makapi.

Wengine huuvizia usingizi mlangoni. Mchoraji Mhispania Salvador Dalí alieleza namna ya kuketi kitini na ufunguo mzito vidoleni, chini pamewekwa sahani: ukisinzia ufunguo unaanguka, mlio unakuamsha. Watafiti wa Ufaransa walijaribu jambo kama hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Kwenye fumbo la namba lenye njia ya mkato iliyofichwa, waliosinzia angalau sekunde 15 waliigundua kwa asilimia 83. Waliobaki macho, 30. Waliozama usingizini zaidi, 14 tu. Ndiyo maana ni kitini, si kitandani.

"Subiri mzuka upande."
Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya na mtumishi wa posta Uingereza, aliweka saa mezani kabla ya kwenda kazini na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa.

"Mwajiriwa hawezi kuwa msanii hasa."
Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Edward Saidi Tingatinga alifanya kazi Hospitali ya Muhimbili huku akichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Rangi hiyo ina masharti yake. Hupakwa kwanza ile ya nyuma, ikauke kabisa. Ndipo afuate mnyama, akauke. Madoadoa na mistari mwishoni. Ukiharakisha, doa linatambaa na kuchanganyika na rangi ya chini, na hapo huna la kufanya ila kufuta. Saa zote hizo za kukauka hazimhitaji mchoraji. Anaweza kuwa kazini.