Kipimo kilekile cha kaswende, masharti mapya

Chukua boksi la zamani kidogo la kipimo cha haraka cha kaswende, kile cha kutumiwa na wahudumu wa afya, kilichotengenezewa soko la Ulaya. Tazama alama ya CE, inayosema bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya. Kama haina tarakimu nne pembeni, hakuna mkaguzi wa nje aliyekikagua. Kiwanda chenyewe kilitangaza kuwa kimetimiza masharti. Na sheria iliruhusu. Chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la 1998, vipimo vingi viliingia sokoni hivyohivyo, isipokuwa vichache vilivyotajwa kwenye orodha, vikiwemo vya VVU na homa ya ini.

Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu vipimo vya namna hii, 2017/746, au IVDR kama tunavyoiita kazini, ilianza kutumika Mei 26, 2022 ikaifuta orodha hiyo. Siku hizi kipimo hupewa daraja, A hadi D, kulingana na madhara ya jibu lisilo sahihi kwa mgonjwa na kwa jamii. Kaswende ni ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo kipimo chake ni C, na mkaguzi hakwepeki. Mtengenezaji akiongeza kwamba kinafaa pia kuchunguza damu ya wachangiaji, kinapanda hadi D. Sentensi moja tu! Ndiyo maana nikiletewa faili, husoma kwanza madhumuni ya matumizi, takwimu baadaye.

Takwimu nazo ni mtihani. Inabidi kuonyesha kwamba kinachopimwa kina uhusiano wa kisayansi na ugonjwa, kwamba kipimo kinakigundua sawasawa maabara, na kwamba majibu yana maana kwa wagonjwa halisi. Bidhaa iliyouzwa miaka mingi bila malalamiko haina ushahidi huo kwa sababu tu imeuzwa. Naiunga mkono kanuni hii, ila kwa kiwanda kidogo chenye kipimo cha ugonjwa adimu, gharama zinaweza kuzidi mauzo.

Mwaka 2024 muda wa vipimo vya zamani kuendelea kuuzwa bila cheti kipya uliongezwa: D hadi mwisho wa 2027, C 2028, B (pamoja na A vilivyotakaswa vijidudu) 2029. Wapo wanaoichukulia nyongeza hiyo kama likizo. Mtengenezaji wa kipimo cha daraja C anatakiwa awe amepeleka maombi kwa mkaguzi kufikia Mei 26, 2026 na kusaini mkataba kufikia Septemba 26 mwaka huohuo, la sivyo nyongeza haimhusu. Tena asibadilishe muundo wala madhumuni kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo yule anayetaka kuongeza wachangiaji damu kwenye boksi lake la zamani, kwa matumizi hayo atangoja cheti kipya.