Eti wa mochwari wameshazoea?

Watu husema anayefanya kazi mochwari ashazoea, hamna kinachomgusa tena, mwone alivyopoa. Kumbe huko kufa ganzi kwaweza kuwa dalili yenyewe ya kuumia akilini bana. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataja kabisa wanaookota mabaki ya watu kwamba wanaweza kupata PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mambo ya kutisha, hata kama tukio lenyewe hawakuliona. Chukua msitu wa Shakahola kule Kenya 2023, wafuasi wa mhubiri walikofunga kula hadi kufa, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto kibao, mtu anavaa glovu anapima kimfupa anaandika lebo, jioni anarudi nyumbani kwa wanawe wa umri uleule, usingizi hauji, harufu inamfuata mpaka mezani nyama haishuki. Na majirani wanaogopa hata kumpa mkono, sasa aongee na nani?