Mipakani mwa punje: yasemwayo kuhusu alumini, na yalivyo

Pita karakana za Shimanzi au Changamwe, hapa Mombasa, uulize alumini ni nini. Utaambiwa ni kitu kimoja tangu juu hadi chini, hakina mbegu wala mshono, kama maji ya mtungini. Sivyo. Tazama mabati ya zamani, yale yenye maua maua ya kumetameta. Kila ua ni punje ya zinki iliyoganda kivyake. Alumini nayo ni punje tupu, ila zake ni ndogo, mara nyingi makumi ya maikromita (maikromita elfu moja ni milimita moja), na huzioni mpaka uso ung'arishwe, uliwe kidogo na asidi, kisha uwekwe chini ya darubini.

Wanaokubali kuwa punje zipo huja na kosa la pili, ati punje ni mawe ya matumbawe na mpaka kati ya punje na punje ni chokaa, kama ukuta wa Fort Jesus. Mfano mtamu, lakini unapotosha. Hakuna chokaa. Mpakani mna atomi zile zile za alumini. Safu za punje hii zimeelekea huku, za jirani kule, na zikikutana hazilingani. Mimi nauona mpaka huo kila asubuhi pale kivuko cha Likoni. Makundi mawili yaendayo pande tofauti yanapogusana, katikati panavurugika na mianya inafunguka. Mwenye mkokoteni aliyebanwa ndani ya kundi, hapo ndipo anapopumua.

Magnesi, metali inayochanganywa na alumini, ndiye mwenye mkokoteni. Atomi yake ni pana kuliko ya alumini kwa takriban asilimia 12. Ndani ya punje inasukumana na majirani, mpakani inatulia, ndiyo maana atomi zake hukusanyika huko. Basi anayesema mkusanyiko huo ni uchafu, au kwamba fundi hakukoroga sawasawa, amekosea. Wala usiuchanganye na ule wa kumimina, pale sufuria kuukuu zinapoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu ya mchanga, na shaba ikabaki katika majimaji ya mwisho kuganda. Huo husambaa ukikipasha moto kipande hicho saa nyingi. Wa mipakani hausambai hivyo. Joto kali huupunguza, lakini alumini ikipoa polepole, atomi zinajirudia mahali pake.

Linalonikera zaidi ni hili: ati mkusanyiko mpakani siku zote ni ugonjwa. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa Australia walieleza walichokifanya kwa aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) iitwayo 7075, yenye zinki, magnesi na shaba. Waliibana kwa shinikizo kubwa huku wakiisokota, punje zikashuka chini ya nanomita 100 (sehemu ya kumi ya maikromita), na nguvu yake ikafika karibu gigapaskali 1. Ile ya kawaida haifiki 0.6. Kisha wakatumia chombo kinachong'oa atomi moja moja na kuitambua kila moja. Atomi za nyongeza zilikuwa zimejipanga mipakani, na kwao mkusanyiko huo ulikuwa sehemu ya nguvu yenyewe. Atomi zilizokaa mpakani pia huuzuia usisogee, kwa hiyo punje ndogo hazimezwi upesi na kubwa joto likipanda.

Ugonjwa upo, tena sisi wa pwani ndio unaotuhusu. Chukua 5083, aloi ya boti na meli, yenye magnesi asilimia 4.0 hadi 4.9. Ikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi au zaidi, karibu na injini kwa mfano, magnesi iliyopo mpakani haibaki atomi zilizotawanyika. Inaungana na alumini na kufanya vijipunje vya kampaundi, na hivyo vikishikamana vinakuwa mnyororo. Maji ya chumvi hula mnyororo huo kwanza. Bamba linaonekana zima, kumbe limeachia mishono, na likivutwa linapasuka kufuata mipaka. Usilaumu magnesi yote: aloi zenye chini ya asilimia 3, kama 5052, kwa kawaida haziugui hivyo. Na wale wa "alumini haishiki kutu" wapeni jibu hilo hilo.

Punje zikiwa ndogo basi kila kitu ni bora? Nguvu, ndiyo, huongezeka. Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 walilionyesha hilo kwenye chuma, na kwa alumini pia linashika. Lakini ukipunguza upana wa punje mara kumi, eneo la mipaka ndani ya kipande kile kile huongezeka mara kumi, na mipaka hiyo yote inavuta shaba na magnesi. Ndani ya punje panabaki pakavu, atomi hizo zimepungua. Jedwali la kupasha aloi joto ili ikaze, lililoandikwa kwa punje kubwa, halifai tena. Ukilifuata unaweza kulainisha ulichotaka kukikaza.

Anayenunua bamba la boti asitegemee macho. Aulize kama ni la daraja la H116, lililotengenezwa kwa ajili ya bahari, na adai cheti cha kipimo cha asidi ya nitriki. Kipande hulowekwa saa 24 kwenye nyuzi 30, kisha hupimwa kimepoteza uzito kiasi gani. Kizima hupoteza chini ya miligramu 15 kwa kila sentimita mraba. Kilichougua hupita 25, na kabla ya kuingizwa kwenye asidi vyote viwili vilikuwa vinang'aa sawa.