Stelingi reki inayovuja: oili inatoka wapi na gari la zamani lifanyiwe nini

Stelingi reki ni mtambo mrefu uliolala kwa upana kati ya magurudumu mawili ya mbele. Ndani yake mna mtaimbo wenye meno, na meno hayo yameshikana na gia ndogo iitwayo pinioni, iliyo mwisho wa shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Ukizungusha usukani, pinioni inazunguka na kuusogeza mtaimbo kushoto au kulia. Reki endi na tairodi endi, yaani viungo vilivyofungwa kwenye ncha za mtaimbo huo, ndizo zinazoyageuza magurudumu.

Pawa stelingi ya oili, yaani msaada unaomrahisishia dereva kukata usukani, huongeza vitu viwili kwenye mtambo huo. Cha kwanza ni pistoni iliyofungwa kwenye mtaimbo wenyewe, ndani ya silinda. Cha pili ni vali iliyo juu ya pinioni, ambayo huhisi dereva anakata upande gani na kupeleka oili ya presha upande unaofaa wa pistoni. Presha yenyewe inatoka kwenye pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Usukani ukiwa umenyooka, presha huwa ndogo. Ukikatwa hadi mwisho huku gari limesimama, huweza kufika bar 70 (bar ni kizio cha presha), na katika magari mengi huvuka 100. Kinachoizuia oili hiyo isitoke nje ni sili chache za mpira na plastiki ngumu, ambazo kwenye gari la zamani zimeshapikwa na joto la injini kwa miaka mingi. Magari mengi ya sasa hutumia mota ya umeme badala ya oili, kwa hiyo tatizo hili limebaki zaidi kwa wenye magari ya miaka ya nyuma.

Ukiambiwa "reki inavuja", uliza mara moja: inavuja wapi? Sehemu za kuvuja ni kadhaa na kila moja ina dawa yake. Sili za ncha za silinda zikichoka, oili huingia kwenye vile vifuko vya mpira vyenye mikunjo vilivyo kushoto na kulia, vinavyoitwa buti. Buti likijaa hudondosha kwenye mkanda wake wa kubana, au hutoboka. Sili ya juu ya pinioni ikifa, oili huonekana pale shafti ya usukani inapoingia kwenye reki, na katika baadhi ya magari hupanda hadi kwenye zulia la miguuni kwa dereva. Kisha kuna maungio ya paipu, ambayo hayahusiani kabisa na sili za ndani. Oringi (pete ya mpira) au washa ya kwenye nati ya paipu ikichoka, au paipu ya presha ikianza kutoa jasho pale mpira unapokutana na chuma, oili hutiririka chini na kuilowesha reki yote. Ukiangalia kwa haraka utaapa kwamba reki imekufa.

Hapa ndipo wenye magari wengi wanapopoteza fedha. Reki iko chini, na oili ya kila kitu kilicho juu yake huishia hapo: ya injini, ya gia otomatiki, ya pampu, ya kopo la kuhifadhia oili ya pawa stelingi. Hakuna utambuzi wa kuaminika kwenye chuma kilichojaa matope na mafuta. Osha kwanza kwa dawa ya kuondoa grisi, kausha, kisha washa injini na umwombe mtu akate usukani pande zote mbili huku wewe ukimulika kwa tochi. Usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, maana hapo pampu inasukuma oili isiyo na pa kwenda na inapata joto kali. Halafu bonyeza buti kwa vidole. Likiwa jepesi na kavu, sili ya upande huo bado iko hai. Likiwa zito na likicheza kama mfuko wa maji, umepata jibu. Hata hivyo, reki nyingi zina kijipaipu cha hewa kinachounganisha mabuti mawili, na oili huweza kupita humo, kwa hiyo buti lililojaa la kushoto si ushahidi kamili kwamba sili mbovu ni ya kushoto.

Kuna kuvuja kwingine kusikoacha hata tone sakafuni. Pete za vali zikisaga ukuta wa nyumba yake, oili hupita ndani kwa ndani kutoka upande wa presha kwenda upande wa kurudi. Usukani unakuwa mzito asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha unalainika gari likipata moto. Oili kwenye kopo haipungui. Mtu anaweza kubadilisha pampu nzima na ugonjwa ukabaki palepale, kwa sababu ulikuwa kwenye vali.

Sili hizi huchoka kwa uzee na joto, lakini nawasihi wenye magari ya zamani waogope zaidi buti lililopasuka. Buti ni mpira wa bei ndogo ukilinganisha na reki, na kazi yake ni kuzuia maji na mchanga. Likipasuka, maji hukaa juu ya mtaimbo uliosuguliwa ukang'aa, na kutu huanza kuchimba vishimo. Kila unapokata usukani, vile vishimo hupita kwenye mdomo wa sili kama msasa. Ndiyo maana fundi anaweza kuweka sili mpya leo na gari likavuja tena muda mfupi baadaye. Sili haikuwa na kosa, mtaimbo ndio ulioharibika. Kwa hiyo ukikubali kazi ya kubadilisha sili, omba uoneshwe mtaimbo kabla haujarudishwa. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama mahali sili inapopita, seti ya sili haitasaidia.

Je, unaweza kuendelea kuendesha? Jasho linaloshusha kopo kidogo sana kwa muda mrefu linavumilika, mradi uangalie kipimo mara kwa mara na ujaze oili sahihi. Magari mengi yanatumia ATF nyekundu, yaani oili ya gia otomatiki, mengine yanahitaji oili maalumu ya pawa stelingi, na yapo ya Ulaya yanayotumia ya kijani. Mfuniko wa kopo au kitabu cha gari ndivyo vya kufuatwa. Oili ya breki isiingie humo hata kwa dharura, kwani huziharibu sili zilizobaki. Lakini kama unajaza kila baada ya siku chache, au pampu inalia ukikata kona, simamisha gari ulitengeneze. Pampu hulainishwa na oili hiyohiyo, na ikizunguka kavu inajisaga kwa muda mfupi na kumwaga unga wa chuma kwenye mfumo mzima. Oili inayodondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka. Na msaada ukikatika ghafla katikati ya kona, magurudumu bado yanaufuata usukani, ila kwa uzito ambao dereva hakuutarajia.

Dawa za kuzuia kuvuja zinazomiminwa kwenye kopo zina kazi yake, lakini ni finyu. Hulainisha na kutunisha mpira uliokakamaa, kwa hiyo sili ngumu inayotoa jasho inaweza kutulia kwa muda. Sili iliyokatika au mtaimbo wenye kutu haviponi. Mimi ningeitumia kusogeza siku tu wakati natafuta reki, wala si kwenye gari ambalo buti tayari limejaa.

Reki ikibidi itoke, njia ni tatu: kuweka sili mpya kwenye yako, kununua iliyofanyiwa ukarabati kamili, au kuchukua iliyotumika. Ya kwanza inafaa mtaimbo ukiwa safi na fundi akiwa na vifaa vya kupitisha sili kwenye meno bila kuzikata. Iliyotumika ni bahati nasibu, kwani ina umri sawa na yako. Fungua mabuti yake kabla ya kulipa na uangalie kama ndani ni pakavu. Kama bajeti inaruhusu, ningechagua iliyokarabatiwa yenye dhamana.

Wakati wa kufunga, mambo machache hayafai kurukwa. Usukani ufungwe usizunguke wakati shafti imeachana na reki, la sivyo waya wa eabegi uliojikunja nyuma yake unaweza kukatika. Oili yote ya zamani imwagwe na paipu zisafishwe, hasa kama pampu ilikuwa inalia, kwa sababu unga wa chuma utaua sili mpya. Oringi na washa za maungio ziwe mpya. Kisha hewa itolewe: magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi na injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi huku kopo likijazwa, na ndipo injini iwashwe. Oili ikionekana kama povu la maziwa, bado kuna hewa. Zima, subiri povu litulie, rudia. Baada ya hapo gari liende likapimwe wili alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, kwa kuwa urefu wa tairodi hauwezi kurudi sawasawa kwa macho. Baada ya siku kadhaa za kuendesha, bonyeza tena mabuti yote mawili.